Klauni Wanalala kwenye Hita, Anemoni Iko Tupu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Njiro, Arusha. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 120, sasa lina miezi saba. Ndani kuna samaki wawili aina ya klauni, wa rangi ya chungwa, wale wenye mistari mitatu myeupe. Wiki tano zilizopita nilinunua anemoni, yule mnyama wa baharini kama ua ambaye klauni hulala ndani yake, nyeupe kama maziwa, ncha zake zambarau, nzuri ajabu. Muuzaji alisema samaki wataingia siku hiyo hiyo. Mpaka leo hawajaigusa. Wanalala kwenye kona, wamejibana na hita. Nimewasukuma kwa wavu mara tatu, wanakimbia. Anemoni nayo siku hizi imejikunja kando ya jiwe. Kipimo cha chumvi kinasoma 1.021. Kaka yangu yuko Tanga, anasema ataniletea nyingine ya baharini kwenye ndoo. Nifanyeje ili waingie? Na mwanangu anauliza kwa nini klauni hawachomwi na anemoni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza huo wavu utundike ukutani, nitaurudia baadaye. Umeniuliza habari za wapangaji, lakini kila nikisoma barua yako jicho langu linakwenda kwenye nyumba. Nyumba yenyewe inaumwa.

Weupe wa maziwa si rangi ya anemoni yenye afya. Ile rangi iliyokuvutia dukani ni rangi ya njaa. Ndani ya nyama ya anemoni hukaa mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho ndiyo inayomlisha mwenye nyumba. Mwani huo ndio unaoipa rangi ya kahawia, ya chai ya maziwa, au ya kijani kilichofifia. Anemoni ikipata msukosuko wa joto, wa safari ndefu gizani au wa maji mabaya, huutema ule mwani na kubaki nyeupe. Ndivyo matumbawe ya pwani yetu yalivyopauka mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na anemoni hupauka kwa njia hiyo hiyo. Ningekuwa nawe dukani siku ile ningekushika mkono tukachukue ile ya kahawia iliyokaa pembeni, ambayo hakuna mteja anayeigeukia.

Kwa maelezo yako nadhani unayo Heteractis crispa, ambayo wafugaji tunaiita krispa. Ithibitishe hivi: minyiri yake, ile mikono laini iliyojaa juu, ni mirefu na imechongoka ncha, na mwili chini ya minyiri ni mgumu kama ngozi, una vipele vidogo vinavyonata. Hupenda kuzika mguu wake mchangani na kushika jiwe lililo chini. Ikiwa mwili ni laini bila vipele na ncha za minyiri zimevimba kama puto, basi ni Entacmaea quadricolor, ile ya mapovu, na hapo una bahati, kwa sababu ndiyo rahisi zaidi kufugwa na hukaa kwenye ufa wa jiwe. Krispa ikikua inaweza kutanuka hadi karibu nusu mita. Lita 120 zitaivumilia kwa muda. Hilo sitalifanya kesi leo, maana kwanza lazima iishi.

Sasa hiyo 1.021. Klauni wako hawaioni shida, samaki huvumilia. Anemoni haivumilii. Inataka maji ya bahari kamili, 1.025 hadi 1.026. Kama kuna aliyekuambia inatosha, alikuwa anawafikiria samaki tu, na pengine alikuwa anafikiria pia bei ya chumvi. Kabla hujapandisha, hakikisha kipimo chenyewe. Kile cha plastiki chenye mshale hudanganya kikishika viputo vya hewa, kwa hiyo azima refraktomita, kile kifaa kinachopima chumvi kwa kutumia mwanga, upime tena. Kisha panda polepole: maji yanayopungua kwa kukauka yajaze kwa maji ya chumvi badala ya maji matupu, kwa siku kadhaa, bila kuzidi 0.001 kwa siku. Ukifika 1.025, rudi kwenye desturi ya kujaza maji matupu, kwa sababu yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Hewa ya Arusha wakati wa kiangazi ni kavu, na tangi lisilo na kifuniko linaweza kubadilika chumvi kati ya Jumatatu na Ijumaa bila wewe kujua.

Na hayo maji matupu unayatoa wapi? Kama ni ya bomba au kisima, natia shaka. Watu wa kuzunguka Mlima Meru mnajua wenyewe habari za floraidi, meno ya kahawia ya wazee yanatosha kuwa ushahidi. Floraidi yenyewe si adui mkubwa hapa, kwani hata maji ya bahari yanayo, kama miligramu 1.3 kwa lita. Tatizo ni vinavyofuatana nayo. Maji ya chini ya ardhi ya volkano hubeba bikaboneti na silika nyingi, na ukichanganyia chumvi ya bahari juu yake, alkali ya tangi inapanda kupita ulivyokusudia na mwani wa kahawia unavaa vioo vyote. Tumia maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, ile inayochuja maji kwa utando mpaka madini yabaki nyuma. Kama huna, nunua kwa dumu kwa wanaochuja. Alkali iwe kati ya 8 na 11 kwa kipimo cha dKH, isiyumbe. Amonia na nitriti ziwe sifuri kabisa, naitreti ikiwa chini ya 10 inatosha. Usitie dawa yoyote yenye shaba ndani ya tangi hilo, hata samaki wakitoka madoa meupe. Samaki mgonjwa mhamishie ndoo nyingine, kwa sababu shaba inayomponya yeye inaiua anemoni.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vilivyoandikwa na watu wa pwani za mbali havilitaji, kwa sababu haliwahusu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi, na maji ya joto lile lile hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko yangeshika Tanga. Sisi wa Moshi tuko chini kidogo, tuna nafuu. Mchana tangi lako haliumii sana, maana mwani wote humo unatoa oksijeni. Usiku kila kitu kinavuta, hakuna anayerudisha. Elekeza pampu moja ya mkondo juu ili uso wa maji ucheze usiku kucha, usilale kama uji uliopoa. Umeme ukikatika usiku, tangi bila mkondo halina saa nyingi. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri uiweke karibu na swichi, isiwe kabatini.

Tuje kwenye hita. Klauni waliozaliwa kwenye matangi huchagua vitu vya ajabu kuwa kitanda: kona, chungu, bomba la filta, hata ganda tupu. Kwa hiyo huenda hita yako ni fimbo tu waliyoipenda. Lakini umeniandikia mwezi wa saba, na Arusha ya mwezi wa saba si ya kuchezea. Amka saa kumi na moja alfajiri siku moja, pima joto karibu na hita, kisha pima upande wa pili wa tangi. Ikiwa upande wa pili unasoma 22 au 23, hao samaki wanaota moto kama sisi. Unataka 25 hadi 27 tangi zima. Kwa sebule ya baridi hesabu wati moja kwa kila lita, na hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, maana moja ikikwama haipiki wala haigandishi tangi zima.

Taa hukuniambia. Kama ni ile bomba nyeupe iliyokuja na tangi, haitoshi, kwani anemoni inahitaji taa ya matumbawe. Lakini usikimbilie kuiwasha kwa nguvu zote. Anemoni iliyopauka haina mwani wa kupokea mwanga huo, na mwanga mkali wa ghafla unaichoma. Anza na theluthi ya nguvu, ongeza kidogo kila wiki.

Wakati ikisubiri mwani urudi, lazima wewe uilishe. Kila baada ya siku mbili, kipande cha kamba mbichi au ngisi, asiyetiwa chumvi wala limau, kisizidi punje ya hindi. Zima pampu dakika 10, kishushe kwa kibano au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kiachie juu ya minyiri, wala usikisukumize mdomoni. Minyiri ikikishika na kukikunja kuelekea katikati, kuna matumaini. Ikikitema baada ya saa moja, kata kidogo zaidi kesho kutwa. Dagaa wa ziwa acha, mafuta yake si ya bahari, na dagaa mkavu wa chumvi ndiyo usithubutu. Najua kamba huko kwenu wanakuja wamegandishwa na bei yao inauma. Robo kilo iliyokatwa na kurudishwa kwenye friza itakupeleka miezi mingi.

Utajuaje kama inakwenda au inarudi? Angalia mdomo. Ukiwa umefumba vizuri, anemoni inaweza kunywea na kutanuka mara kumi kwa siku bila neno. Mdomo ukikaa wazi mchana kutwa na vya ndani vinatoka nje, hali ni mbaya. Ikianza kuyeyuka na kunuka kama kamba aliyelala juani, itoe saa hiyo hiyo, badilisha robo ya maji, tia mkaa wa kuchujia. Anemoni iliyokufa huua tangi zima kwa usiku mmoja. Kurudi kwa rangi huchukua miezi, na huanza kama kivuli cha kahawia kwenye shina la minyiri.

Halafu, pampu zako. Mwaka wangu wa tatu wa kufuga, mwezi wa Desemba, nyumba yetu hapa Rau ilikuwa imejaa ndugu waliopanda kutoka Dar kuja kula sikukuu. Watoto wamelala sebuleni kwenye magodoro, mtori unachemka, nani angemkumbuka anemoni? Usiku ikaamua kuhama. Anemoni hutembea kwa mguu wake, polepole, pale isiporidhika na mahali. Saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Nilipofungua kichwa cha pampu, minyiri ilikuwa imejisokota kwenye propela kama uzi uliokwama kwenye cherehani. Nilipoteza anemoni na samaki mmoja siku hiyo, na shemeji yangu hadi leo ananiuliza kama supu ilipatikana. Funika kila mdomo wa pampu kwa sponji au wavu wa plastiki leo, kabla hujafanya lingine lolote nililokuambia.

Kuhusu kaka yako wa Tanga, mshukuru, umwambie aache. Anemoni imeshika mwamba kwa mguu, na ukiibandua mguu huchanika, nao ukichanika huoza. Baada ya hapo kuna safari ya kutwa nzima ndani ya ndoo. Isitoshe, eneo kubwa la pwani ya kwao ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, si mahali pa kuchota viumbe kwa ndoo. Na anemoni za baharini huishi miaka mingi sana. Ile moja anayoiona inaweza kuwa imelea vizazi vya klauni. Samaki wako wenyewe si wa pwani yetu, asili yao ni huko Indonesia, Ufilipino na kaskazini mwa Australia. Wa kwetu ni Amphiprion akallopisos, wa rangi ya waridi mwenye mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi mwenye mikanda miwili. Kaka yako akizamia atawaona, na awaache nyumbani kwao.

Tuseme sasa miezi imepita, anemoni yako ina rangi, imekaa mahali pamoja wiki nne au tano bila kuhama, inakula. Hapo ndipo swali lako linapoanza.

Mtoto kauliza vizuri kuliko wengi. Minyiri ya anemoni imejaa seli za kuchoma zinazofyatuka zikiguswa na kitu cha kuliwa. Klauni amefunikwa na ute mzito, na ute huo una kiasi kidogo cha sukari fulani, asidi ya sialiki, ambayo kwenye samaki wengine husaidia kufyatua seli zile. Lakini kinga hiyo ina masharti: klauni aliyekaa muda mrefu mbali na anemoni huanza upya, anagusa kidogo na kukimbia, anagusa tena, mpaka wazoeane. Sasa umeelewa kwa nini wavu hapana. Wavu unakwangua ute, yaani unamvua koti kisha unamsukuma kwenye upupu. Na anemoni iliyosukumiwa vitu hujifumba. Umemfundisha samaki kwamba kule ndiko kunakotoka fimbo.

Hao wako pengine walitotolewa kwenye tangi, na baba yao naye hivyo hivyo. Baharini mayai hutagwa chini ya anemoni kabisa, na kuna ushahidi kwamba kinda hujifunza harufu yake akiwa bado kwenye yai. Akitotolewa anaelea baharini siku 8 hadi 12, kisha anaitafuta harufu hiyo. Wako hawakuwahi kuinusa. Tabia wanayo kwenye damu, ila hakuna aliyewaonyesha mlango. Pia aina yao baharini hukaa kwenye anemoni za aina nyingine, yaani magnifika, gigantea na mertensi, hawakai kwenye krispa. Kwenye matangi huikubali krispa na ile ya mapovu pia, ila hakuna aliyesaini mkataba.

Ninachofanya mimi ni kuwaharibia kitanda cha zamani. Anemoni ikishatulia, hamisha hita uipeleke nyuma ya filta au upande ule ule wa anemoni, na ile kona ipigwe na mkondo wa pampu kidogo. Walizoea kulala hapo, usiku wa kwanza watahangaika, na wakihangaika wanatafuta. Chakula chao pia kianze kushukia juu ya anemoni, hata kikiangukia kwenye minyiri si hasara. Usihamishe anemoni kuifuata kona yao, mguu ni wake.

Ikipita miezi miwili bila kitu, kuna njia ya kikapu. Chukua kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga, kikate kitako, kifunike juu ya anemoni na samaki wawili kwa usiku mmoja, taa zimezimwa na mkondo umepunguzwa. Asubuhi kitoe, wawe wameingia au hawajaingia. Siipendi sana, naitumia kwa anemoni yenye nguvu tu, yako isiguswe kwa kikapu mwaka huu. Wengine hubandika picha ya anemoni nje ya kioo, au huweka simu yenye video ya klauni wakicheza. Sijaona samaki aliyeshawishika. Watoto ndio wanaoangalia. Na usiongeze klauni wa tatu ili awafundishe. Mkubwa wako ni jike, mdogo ni dume, wamekwisha kuwa mke na mume, na mgeni atapigwa mpaka afe.

Nikueleze nilivyoona ya kwangu. Walikuwa wamekaa na ile ya mapovu miezi minne bila salamu. Jioni moja nakunywa chai, jike akaja kinyumenyume, mkia kwanza. Akagusa mnyiri mmoja, akaruka kama aliyeshika sufuria la moto. Akarudi. Akagusa kwa pezi la tumbo, akatetemeka, akaondoka, akarudi. Chai ikapoa. Baada ya kama dakika 40 alikuwa ubavu mzima ndani, anajipaka huku na huku kama mtu anayejipaka mafuta baada ya kuoga, mpaka kikabaki kichwa tu. Dume alikaa nje siku tatu akimwangalia mkewe. Sikufanya lolote siku hiyo wala wiki ile. Nilichokuwa nimefanya ni miezi minne ya kupima maji.

Wakiingia, anemoni nayo inafaidi. Amonia wanayotoa inalisha ule mwani wa ndani, na usiku wanapogeukageuka mle ndani wanapeperusha maji kati ya minyiri na kuipatia oksijeni, jambo ambalo huko juu kwenu lina thamani. Lakini samaki wakubwa juu ya anemoni dhaifu huikanyagakanyaga isifunguke. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kushukuru kwamba wamechelewa. Na wasipoingia kabisa, hawajakosa kitu. Klauni huishi miaka mingi na kutaga mayai bila kuona anemoni.

Wiki hii basi: sponji kwenye pampu, joto la alfajiri pande mbili, chumvi kwa refraktomita. Niandikie hizo namba tatu na picha ya mdomo wa anemoni iliyopigwa kutoka juu, pampu zikiwa zimezimwa. Na tafuta kifuniko cha wavu cha tangi kabla hujahamisha hita. Klauni wanaotafuta kitanda kipya hugombana, na anayeshindwa huruka.